Supu ya Kijapani Jikoni Makongolosi

Mwezi wa Juni mwaka jana nilialikwa Makongolosi na umoja wa akina mama wa kanisa, nikazungumze nao habari za shinikizo la damu, ambalo sote tunaliita presha. Katika mkoba nilitia mashine ya kupimia, daftari, na chini kabisa, ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge, paketi ya nusu kilo ya miso ambayo rafiki yangu alininunulia Dar es Salaam. Miso ni kiungo cha Wajapani kitokanacho na soya. Mume wangu aliponiona naifunga alicheka, akasema, "Mama, wachimba dhahabu unawapelekea tope?" Na kweli, ukiitazama haina tofauti kubwa na udongo wa kufinyangia vyungu.

Mbeya mwezi wa Juni ni baridi kali. Kosta iliondoka asubuhi na mapema, kila abiria amejikunyata ndani ya sweta. Barabara inapanda kuelekea Kawetere, katikati ya misonobari, mpaka mahali panapoitwa World's End. Hapo ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaliona bonde la Usangu limetandaa hadi macho yanachoka. Kisha unaanza kuteremka, na joto linapanda kadiri unavyoshuka. Chunya mjini sweta zilianza kuvuliwa. Tulipofika Makongolosi nilikuwa natafuta kivuli. Kutoka Mbeya ni kilomita zipatazo 110, lami tupu. Mara ya kwanza kupita njia ile, nikiwa muuguzi kijana, ilikuwa vumbi tupu, na tuliposhuka garini hatukutambuana.

Makongolosi ni mji wa dhahabu. Eneo lote hili la Lupa lilianza kuvutia wageni miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika Chunya kutoka kila upande. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956. Wazungu wakaenda zao, dhahabu ikabaki, na wachimbaji wadogo wanaendelea nayo mpaka leo. Unasikia makarasha yakisaga mawe, pikipiki zinapita na viroba vya mawe, na kando ya barabara mama lishe wamepanga masufuria yao. Kijana atokaye shimoni amelowa jasho anataka chakula kilichokolea, na mama lishe asiyekoleza hukosa wateja. Ndiyo maana mtu mgeni akila pale atamaliza jagi zima la maji.

Mwenyeji wangu anauza dagaa na nafaka sokoni. Nyumbani kwake anaishi na mama mkwe wake, bibi aliyevuka miaka 70, mcheshi, mwenye masikio mazuri kuliko yangu. Jioni ile tuliandaliwa ugali na majani ya maboga. Baada ya sala ya chakula bibi alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akainyunyiza juu ya mboga yake, kisha akalifunga fundo kwa utulivu kama mtu anayehifadhi sadaka. Mwenyeji wangu akainamisha macho. "Sista," akaniambia, "mimi nimepika bila chumvi kama walivyotuelekeza kliniki. Sasa wewe mwenyewe umeona."

Bibi akajibu kabla yangu, "Mwanangu, chakula hiki wampe ng'ombe."

Nilimpima kabla hajalala. Presha yake ilikuwa 178 kwa 104. Vidonge alikuwa navyo, lakini alivimeza siku kichwa kikimuuma tu. Nilimweleza kwamba presha haiumi kama jino, na kwamba vidonge vyake ni vya kila siku, aumwe asiumwe. Akaitikia "Haya mwanangu" kwa namna ambayo muuguzi yeyote anaifahamu.

Usiku ule sikupata usingizi mapema, maana lile fundo nililifahamu. Mama yangu mzazi aliugua presha, na mimi, binti yake mwenye cheti cha uuguzi, ndiye niliyeiondoa chumvi jikoni kwake. Nilimwambia "usile hiki, usile kile", nikaona nimemaliza kazi. Sikumwekea kitu badala yake. Alianza kusukuma sahani baada ya matonge mawili, akakonda, kisha akawa anakula kwa jirani, ambako chumvi ilikuwa tele. Alipata kiharusi akiwa shambani na hakuishi mwezi mmoja baada ya hapo. Siwezi kusema kwamba aliuawa na chumvi, kwa kuwa presha ina sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba nilimfundisha kuona chakula changu kama adhabu.

Na jambo linaloniuma zaidi ni hili. Miaka miwili kabla ya kifo chake nilikwisha kuionja supu ya miso. Wajapani wa kujitolea wamekuwa wakija nchini kwetu tangu mwaka 1967, na mmoja wao, dada muuguzi, tulifanya naye kazi wodi moja. Jumapili moja alituita kwake, akatupikia supu kwa dagaa wa hapa hapa kwetu, kwa sababu wale wa kwao walikuwa wamemwishia. Nilimwona akiloweka dagaa, akichuja, akionja ule mchuzi mtupu usio na punje ya chumvi na kutabasamu. Mimi nami nilionja. Ulikuwa na utamu wa nyama. Nilirudi nyumbani nikasahau, na mama yangu akaendelea kula mboga za kuchemsha.

Basi siku iliyofuata, Jumamosi, tulikutana nyuma ya kanisa, akina mama kama thelathini, mafiga yakiwa tayari na moto umewashwa. Bibi naye alikuja, akakaa kwenye mkeka mbele kabisa.

Nilipoomba sufuria ya pili, mama mmoja alikimbia nyumba ya jirani, akaniletea kikaango kilichokuwa kimening'inia ukutani. Mwenyeji wangu akamkemea, "Hicho si cha chakula, hicho ni cha dhahabu!" Nikaona nisilipite jambo hilo. Wenzetu wengi huunguza zebaki ili dhahabu ibaki, na mvuke wake, ambao hauonekani, huingia mapafuni na kwenda kwenye ubongo na figo. Mwenye mimba humfikishia mtoto aliye tumboni. Kikaango kilichochomewa zebaki hakirudi jikoni, hata kikisuguliwa kwa mchanga na maji ya moto, na kazi hiyo haifanyiki ndani ya nyumba wala karibu na watoto. Wajapani hao hao wanaijua zebaki kwa machozi. Katika mji wao wa Minamata kiwanda kiliimwaga kwenye ghuba, samaki wakaila, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na walikuwapo watoto waliozaliwa wameathirika vibaya hali mama zao walionekana wazima. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo, na Tanzania nayo imeuridhia. Kikaango kilirudishwa kilikotoka. Sijui kama kilirudi ukutani.

Sasa tuje kwenye supu yenyewe. Msingi wake ni mchuzi ambao Wajapani huuita dashi. Wengine huupata kwa mwani mkavu wa kwao na samaki aliyekaushwa mpaka akawa mgumu kama kuni. Familia nyingine hutumia dagaa wakavu, na hapo ndipo sisi tunapoingia bila kubisha hodi. Soko la Makongolosi lina dagaa wa Mwanza, lina wa Kigoma, na kuna usipa wa Ziwa Nyasa kutoka Kyela. Mimi napenda usipa. Wa Mwanza wanafaa pia, ila uwaoshe mara mbili tatu, maana aghalabu huanikwa mchangani na supu yenye mchanga haina mwenyewe.

Chukua dagaa mkono mmoja, kama gramu 30, kwa maji ya lita moja. Waondoe vichwa na matumbo, kwa sababu ndiko uliko uchungu. Kazi hii inachosha, wape watoto. Waloweke katika maji baridi nusu saa, kisha weka sufuria kwenye moto mdogo. Yakianza kuchemka toa povu, acha dakika kama 10, chuja. Usichemshe kwa moto mkali wala kwa saa nzima, utapata shombo badala ya utamu. Dagaa waliobaki usiwatupe. Wakaangie nyanya na kitunguu, ni mboga ya jioni.

Katika mchuzi huo tulitia viazi mviringo na magimbi yaliyokatwa vipande vidogo. Wajapani nao wana magimbi yao na huyapika hivi hivi. Vilipolainika tukatia chainizi na uyoga mkavu uliolowekwa. Huyo uyoga ni wa msituni, waliukausha wenyewe wakati wa masika, nao kwa maoni yangu ndio uliopendezesha supu kuliko vyote. Mboga ziwe nyingi mpaka kijiko kikisimama kisianguke upesi.

Miso hutiwa mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeepuliwa. Unachota mchuzi kidogo kwa upawa, unakorogea miso humo mpaka mabonge yaishe, ndipo unarudisha sufuriani. Haichemshwi tena, kwa kuwa ikichemka harufu yake nzuri hupotea. Vitunguu majani juu, basi. Kwa watu 5 nilitia vijiko viwili vya mezani. Mtoto aliyeanza chakula cha nyongeza mtolee fungu lake kabla ya miso kuingia, uliponde na umpe hivyo hivyo.

Paketi ilipozunguka, kila mmoja alinusa. Mama mmoja akasema, "Hii imelazwa na kimea." Hakuwa mbali. Akina mama wa nyanda hizi wanaelewa jambo hili kuliko watu wa mahali pengi, kwa sababu wanakorogea togwa. Sote tunajua uji mzito ukitiwa kimea hulegea na kuwa mtamu pasipo sukari, kwani kimea huvunja wanga. Mjapani naye huotesha kuvu maalumu iitwayo koji juu ya mchele au shayiri iliyopikwa, akaichanganya na soya iliyochemshwa na kupondwa, pamoja na chumvi, akashindilia kwenye pipa na kuacha miezi mingi, hata mwaka au zaidi. Koji huivunja protini ya soya, na kutoka humo ndipo inapopatikana ile ladha ya nyama. Mwaka 1908 mwanakemia wao, Kikunae Ikeda, aliipata ladha hiyo katika mchuzi wa mwani akaiita umami. Ni ladha ya tano, mbali na tamu, chachu, chungu na chumvi. Nyanya iliyoiva sana inayo. Uyoga mkavu unao. Dagaa wanayo.

"Sista, umesema chumvi," akasema mama mchungaji, ambaye alikuwa akiandika kila neno. "Mbona humu imo?"

Swali hilo ndilo nililolisubiri. Imo, na ni nyingi. Katika gramu 100 za miso mna chumvi gramu 12 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, vyakula vyote vikihesabiwa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba supu ya Kijapani ni dawa ya presha anakudanganya. Wajapani wenyewe waliumia. Mkoa wa Nagano uko milimani, majira yake ya baridi ni marefu, na watu wake walizoea mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi na supu ya miso kila mlo. Kiharusi kiliwaua mno. Mwaka 1981 mkoa ulianzisha kampeni ya kupunguza chumvi, na waliobeba mzigo mkubwa walikuwa akina mama wa kujitolea waliokwenda nyumba kwa nyumba, wakipima chumvi ndani ya supu za jirani zao. Hawakuwaambia watu waache supu. Waliwaambia waongeze mboga bakulini na wapunguze miso. Baadaye Nagano ukawa miongoni mwa mikoa ya Japani ambayo watu wake huishi miaka mingi zaidi. Kwa vijiko viwili kwa watu 5, kama tulivyopika sisi, kila bakuli linapata chumvi isiyofika gramu 1. Lakini ukiongeza chumvi ya mkono juu yake, umeharibu hesabu. Hali kadhalika magadi tunayotia kwenye maharage na mlenda, na vile vidonge vya supu vya dukani. Hivyo navyo ni njia ya mlango wa nyuma.

Akina mama wakanywa. Wengi walisifu, wawili watatu walisifu kwa adabu tu. Mimi jicho langu lilikuwa kwa bibi. Alionja, akatafuna gimbi taratibu, akashika pindo la kanga. Akafungua fundo. Akachota, safari hii kwa vidole viwili. Wanawake wakacheka, naye akasema, "Mnacheka nini? Nimepunguza."

Nikaandika kwenye daftari langu: vidole viwili.

Mama mmoja kijana akauliza kama wangeweza kuvundika miso yao wenyewe, kwani soya ipo na chumvi ipo. Hapo nilikuwa mkali. Koji ni kuvu iliyochaguliwa na kutunzwa kwa vizazi. Inayo ndugu yake wa karibu anayefanana naye sana, ambaye huota kwenye mahindi na karanga zetu zisizokauka vizuri na kutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu huko Dodoma na Manyara. Ukungu wa ghalani, basi, usiuamini kwa jina lolote. Asiye na koji halisi aiache kazi hiyo.

"Basi paketi yako ikiisha tutarudi kwenye chakula cha ng'ombe," akasema bibi.

Kwa ajili ya jibu hilo nilikuwa nimemwomba mwenyeji wangu aloweke soya usiku ule. Jumapili baada ya ibada tulipika tena nyumbani kwake bila miso. Wajapani wana supu wanayoiita gojiru, ambayo ndani yake hukorogwa soya iliyoloweshwa na kusagwa, kisha hutiwa miso. Sisi tulichukua nusu tu ya wazo hilo. Soya ni ngumu, iliiva baada ya saa mbili na nusu za kuni. Iive hasa, kwa maana soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini na humsumbua mtoto. Kisha tuliitwanga kinuni. Mchuzi wa usipa ukachujwa kama jana, tukatia nyanya mbili zilizoiva sana, tangawizi, kitunguu, majani ya maboga, na mwisho soya iliyotwangwa vikombe viwili. Angalia isifure, maana hupanda kama maziwa, na ilitumwagikia mara moja tukapoteza robo sufuria na moto ukazimika. Chumvi ilikuwa nusu kijiko cha chai kwa watu 5, ikatiwa mwishoni, ili ulimi uikute juu.

Si miso, wala sitaki mtu aiite miso. Haina ile harufu ya kina, na rangi yake ni ya uji. Lakini ilikuwa nzito, na utamu wa usipa ulikuwemo, na kila kitu kilichokuwa sufuriani kilipatikana kwa kutembea dakika kumi. Soya kavu ina protini karibu mara moja na nusu ya maharage, na kwa mama anayelisha watoto wanne kwa mapato ya dagaa hilo si jambo dogo. Mjukuu mmoja alikataa kata kata, akapewa ugali na maziwa.

Bibi alikunywa bakuli zima bila kusema neno. Pindo la kanga alilishika, akalichezea kidogo, kisha akaomba aongezewe. Sikuthubutu kumwangalia usoni. Baadaye usiku, alipodhani nimelala, nilimsikia akimuuliza mkwewe vidonge vyake viko wapi.

Niliondoka Jumatatu. Miso iliyobaki nilimwachia mwenyeji wangu kwenye kopo, nikapewa chupa ya asali ya Chunya na usipa kilo moja, ambao walilinukisha gari lote hadi Mbeya. Mwezi wa Agosti alinipigia simu. Miso haikumaliza wiki, kwani watoto waligundua kwamba inafaa kupakwa kwenye muhogo wa kuchoma. Mchuzi wa dagaa anaupika karibu kila siku, soya mara mbili kwa wiki kwa sababu ya kuni. Bibi amekwenda kituo cha afya mara mbili bila kusukumwa, na safari ya mwisho presha ilikuwa 152 kwa 90.

Nikamuuliza habari za fundo.

"Fundo lipo, sista," akasema. "Ila chumvi ya siku mbili siku hizi inafika wiki. Anauliza lini utaleta tope lingine."